Picha ya Ubongo na Ugonjwa wa Kutetemeka

Nataka kueleza jinsi madaktari wanavyouchungulia ubongo bila kupasua kichwa, na faida yake kwa wazee wetu wanaotetemeka.

Ugonjwa huo huitwa Parkinson, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeuandika habari zake mwaka 1817. Katika shina la ubongo mna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli zake hutengeneza dopamini, ambayo huwezesha viungo kwenda sawasawa. Seli hizo zikifa kidogo kidogo, mkono hutetemeka, hatua hufupika, na mwili huwa mzito. Dalili zinapoonekana, nyingi zimekwisha kufa.

Sisi wa Kidato cha Nne tumesoma sumaku katika fizikia. Mashine ya MRI ni sumaku yenye nguvu nyingi. Mwili wetu una maji, na maji yana hidrojeni. Sumaku huzipanga chembe za hidrojeni, mawimbi ya redio huziinamisha, nazo zikirudi hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Mtu akipigwa picha mwaka huu na tena mwakani, wataalamu hulinganisha na kupima sehemu iliyopungua, kama mkulima apimavyo mtama uliobaki ghalani.

Lakini tusidanganyike. Parkinson inapoanza, picha ya kawaida huweza kuonekana haina kasoro. Daktari huitumia zaidi kuhakikisha kwamba si kiharusi wala uvimbe. Ugonjwa wenyewe huutambua kwa kumtazama na kumpima mgonjwa.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu 161,071, wakapata wagonjwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: wengi wao hawakuwa wamepata kutambuliwa. Sishangai. Kijijini kwetu babu yangu aliambiwa amerogwa, akamaliza mbuzi wake kwa waganga, na kumbe dawa iitwayo levodopa ipo. Haiponyi, lakini hulegeza viungo.

Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina mashine ya MRI. Hata hivyo, safari haianzi kwenye mashine, huanza nyumbani. Basi ndugu zangu, tufungapo shule tuwatazame wazee wetu. Tukiona mkono unatetemeka ukiwa umetulia mapajani, tuwapeleke kwa daktari mbuzi wakiwa bado zizini.