Mali Bila Daftari: Saratani ya Ngozi ya Uso (Sehemu ya Tatu)

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ichukue nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, magazeti hayaishi habari za madai bandia ya hospitali, na msimbo wa ugonjwa umeanza kuonekana kama jambo la wezi na wahasibu. Lakini msimbo hubeba tu kile alichoandika tabibu. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, saratani ya ngozi ya kope ni C44.1, ya sikio C44.2, ya pua au shavu C44.3, melanoma ina mlango wake, C43. Mgonjwa wa kijijini Mghange akiandikwa "kidonda usoni", karani wa misimbo aliyeko Voi atachagua upi? Mwisho wa mwezi kidonda hicho hujumlishwa kwenye mstari wa magonjwa ya ngozi, pamoja na upele na ukurutu, kisha hakijulikani tena.

Afrika Mashariki ilikwisha kufunzwa somo hili. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akamwona mwingine Jinja. Hakuishia kusikitika. Alipekua mafaili ya zamani, akaziandikia hospitali za mbali, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakasafiri kwa gari wiki 10, maili 10,000 hivi, hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama imeuona uvimbe ule. Majibu yalipotiwa kwenye ramani, ikadhihirika kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua na kuikwepa miinuko ya baridi. Ile ilikuwa saratani ya tezi za limfu, wala haikuwa ya ngozi; hata hivyo ramani ile isingalichorwa kama matabibu wa vijijini wasingaliandika taya, umri na mahali.

Atasema mtu: tabibu mwenye foleni tangu alfajiri atapata wapi wasaa? Hoja ina uzito, ila maneno yenyewe ni machache: "Ubavu wa kulia wa pua, sentimita moja, miezi minane, kinatoka damu." Kabla maabara haijapima kipande cha nyama, kidonda kiandikwe kuwa kinashukiwa tu, maana kumbandika mtu saratani bila ithibati ni dhuluma. Mwingine atasema takwimu haziponyi. Kweli, lakini ndizo huelekeza dawa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino, ambao jua huwaunguza mapema usoni, masikioni na midomoni. Kaunti isiyo na kumbukumbu za vidonda vyao itaombaje mafuta ya kuwakinga, au daktari wa ngozi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pua ya mkulima wa Mghange ni mali pia, na anayeiandika sawasawa ameanza kuitibu.