Nyanya ya tano

Basi linaloshuka kutoka Lushoto halikai Soni. Linasimama dakika tatu, nne hivi, konda akishindilia viroba vya karoti kwenye buti, na wachuuzi wanainua mabeseni hadi usawa wa madirisha. Siku hiyo nilinunua fungu la nyanya kwa sarafu moja ya shilingi 500, ile yenye sura ya Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Nyanya zilikuwa nne. Mama aliyeniuzia alinitazama usoni kidogo, akachukua nyingine moja, akaidondosha juu ya zile. "Na nyongeza yako, mwanangu."

Nilifurahi kama mtoto aliyepewa andazi. Mzee niliyekaa naye kiti kimoja akachekea puani. "Hiyo ya tano unayoifurahia," akasema, "zamani si nyingi ilikuwa ndani ya fungu."

Kutoka Soni hadi Mombo ni kona juu ya kona. Nyanya zangu zilibingirika chini ya viti na maneno ya mzee yakanibingirikia kichwani. Nyumbani nilipika zile nilizoziokota, lakini neno la mzee halikupikika. Gulio lililofuata nikapanda mlima tena.

Mama yule nilimkuta palepale, nyuma ya meza ya mabanzi, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka hata rangi yake huijui. Nilimpa shikamoo, nikajikakamua na "onga makeo" yangu ya Kisambaa ya kubabaisha, akacheka. Alikubali tuongee kwa masharti mawili: jina lake nisiandike, na nisikae mbele ya mali.

"Kaa huku. Ukikaa mbele, watu watadhani unanunua, watasubiri umalize. Watasubiri mpaka gari liondoke."

Kwanza nikamwuliza ya tano ilikwenda wapi. Hakujibu. Alizivuta nyanya kumi za duara, ndogo ndogo, akapanga sita chini kwa pembe tatu, tatu juu yake, na moja kileleni. "Hili ndilo fungu nililoanza nalo. Mia tano, tena ikiwa noti, sarafu hii haijaja. Sasa toa moja." Niliitoa ya juu. "Umeona? Halina kichwa tena. Fungu lisilo na kichwa limelala, na fungu lililolala abiria halioni. Gari linapunguza mwendo tu, yeye anaona vichwa."

Akabomoa. Akapanga nne chini, moja juu: tano, lina kichwa. Akabomoa tena, tatu chini na moja juu: nne, lina kichwa. Nikajaribu sita mwenyewe, tano kwa duara na moja katikati. Ile ya juu ikazama shimoni na kutulia humo kama kuku anayeatamia. Saba ikawa mbaya zaidi. Nilicheza na nyanya za watu kwa robo saa nzima nikitafuta fungu la kusimama kati ya kumi na tano, nisilipate, naye akinitazama kwa huruma ya mtu ambaye hesabu hiyo aliimaliza zamani.

Nilichokielewa pale ni kwamba bei ya nyanya Soni haipandi taratibu kama zipandavyo bei za kwenye vitabu. Inaruka ngazi, na ngazi zenyewe zimepangwa na umbo la nyanya. Shilingi 500 ni ileile miaka yote kwa sababu ni sarafu moja, mkono mmoja nje ya dirisha, hakuna chenji. Ukisema 600 umeua biashara, maana dereva hasubiri mtu atafute mia. Kwa hiyo bei imekaa, na fungu ndilo linalotembea.

Lakini mtu hawezi kuruka kutoka kumi hadi tano mchana kweupe, wateja wamwone. Alifanyaje?

"Nilibadilisha nyanya. Niliacha za duara nikaleta ndefu, zile kubwa ngumu. Tano zake zilishinda kumi za zamani kwa macho. Hakuna aliyelalamika. Halafu hizo kubwa zikaanza kupungua saizi, moja moja, msimu kwa msimu. Unaanza na saizi. Idadi unaigusa mwisho."

Na idadi alipolazimika kuigusa, akagusa kwa mlango wa nyuma. Alipanga fungu la nne, kisha akamwekea kila mteja ya tano kama nyongeza. Nyanya ni zilezile tano, ila mteja anaondoka akiona amependelewa. Baada ya miezi kadhaa nyongeza ikawa ya anayeiomba tu.

Mimi sikuiomba, nikamkumbusha.

"Wewe ulihesabu kwa macho. Anayehesabu hupewa kabla hajasema."

Akanifungulia hesabu yake. Kreti moja ni kama nyanya 400. Kwa tano tano, mafungu 80. Kwa nne nne, mafungu 100. Tofauti ni mafungu 20, yaani shilingi 10,000, na humo ndimo inamotoka nauli, ushuru wa soko na nyanya zinazooza. "Lakini ukimpa kila mtu nyongeza, umerudi themanini. Umejidanganya mwenyewe." Usiku nilikaa na kalamu. Wateja nusu wakipewa ya tano, kreti linatoa mafungu 89 hivi, yaani tisa zaidi ya zamani. Sanaa yote ile, kuanzia vichwa na kubadilisha saizi hadi kusoma macho ya watu dirishani, inamwachia shilingi 4,500 kwa kreti. Na kreti halimaliziki kwa siku moja.

Biashara hii hakuianza kwa kupenda. Kwao ni upande wa Bumbuli, na kwa miaka mingi riziki ya nyumba yake ilikuwa majani ya chai yanayopelekwa kiwanda cha Mponde. Mwaka 2013, katika mgogoro wa wakulima na mwekezaji, kiwanda kilifungwa. Msomaji anakumbuka yaliyofuata: Serikali ikakirudisha mikononi mwake, baadaye mifuko ya hifadhi ya jamii, PSSSF na WCF, ikaingia kukifufua. Kwenye magazeti hadithi hiyo ni ya aya mbili. Kwa mkulima ni misimu ya kukaa na chai isiyo na pa kwenda. Chai isipochumwa haikai kichaka cha kiunoni ikikungoja. Inakuwa mti.

"Ilinipita kimo," alisema. "Nikawa naingia shambani mwangu kama naingia msitu wa Magamba."

Mtaji wake ulikuwa shilingi 20,000 za upatu, zamu aliyoomba kubadilishana na jirani. Watu walimwambia angoje mambo yakae sawa. Nilimwuliza alijibu nini, akaonekana kuchoshwa na swali kuliko na jua.

"Yakae sawa lini? Chai ilikuwa ndiyo mambo yaliyokaa sawa. Ilikuwa na kiwanda, ina mizani, ina daftari. Ndiyo iliyoanguka. Nyanya haina kiwanda, haina wa kuifunga. Mimi niliogopa zaidi kitu cha uhakika."

Tangu hapo amepitishwa katika kila tanuri. Corona ya 2020 iliondoa wazungu waliokuwa wakipanda kutazama nyika kutoka Irente, na hoteli zilizowalisha zikaacha kununua. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipozuka, petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na mbolea ikawa habari ya kunong'onezana kama msiba. Yeye hafuati habari za dunia, lakini anajua vizuri kwamba Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei za mafuta. "Siku hiyo sinunui mali asubuhi. Nangoja nisikie wenye magari watasema nini." Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 kikundi chao kikiwa mbioni kuomba, na iliporudi mwaka uliofuata kikundi kilikuwa kimeshasambaratika. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba ya kukamua, haikusimama hata siku moja. Aliwahi kuionja. Hakutaka kuizungumzia, nami sikumbana.

Nilipopanda juu zaidi, upande wa Lukozi, niliona ncha ya pili ya jambo hili la bei kukaa na kipimo kutembea, na ndiyo iliyoniudhi. Pale wakulima wanauza viazi na kabichi kwa gunia, na gunia ni lumbesa: likijaa linaongezewa kilemba cha nyavu juu, kamba inashonwa mkiani na kichwani mpaka mzigo unafanana na mama mjamzito aliyelala ubavu. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanasema kila mwaka, na kila mwaka kilemba kiko palepale. Bei wanayopatana ni ya gunia moja. Ukubwa wa gunia ni shauri la dalali na Fuso lake.

Tazama basi mlima huu unavyofanya kazi. Juu, kwa mkulima, kipimo kinavimba na bei haisogei. Chini, kwa mlaji, kipimo kinanywea na bei haisogei. Ukimwuliza yeyote, atakuapia kwamba hajapandisha bei, na atakuwa anasema kweli. Takwimu za taifa zinasema mfumuko wa bei umekaa kati ya asilimia 3 na 5 kwa miaka kadhaa, na sina ugomvi nazo. Ila najiuliza karani wa takwimu akifika kwenye meza ile ya mabanzi ataandika fungu la nne, au la tano. Na kama ana macho ya kuhesabu, si atapewa nyongeza?

Tusidhani ni ushamba wa mlimani. Mwaka 2016 watengenezaji wa Toblerone, ile chokoleti yenye vilele kama milima ya Uswisi, waliipunguza kwa wateja wa Uingereza kutoka gramu 400 hadi 360 kwa kupanua mabonde kati ya vilele. Vichwa vilibaki! Mama wa Soni angewaelewa mara moja. Ufaransa tangu Julai 2024 inayataka maduka makubwa yabandike tangazo bidhaa inapopunguzwa ujazo bila bei kushuka. Nilimsimulia. Akafikiri, akauliza tangazo lenyewe lingebandikwa wapi, kwenye nyanya?

Wasambaa si wageni wa nyakati zisizotabirika. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kitabu kizima juu ya ufalme wa Wakilindi wa Vuga, hapo jirani tu na Soni, alieleza jinsi wenyeji walivyopenda kujenga ukingoni mwa mlima, ili mtu awe na shamba Shambaai, yaani juu mlimani, na jingine chini nyikani. Mvua ikigoma huku, kule huenda pakapona kitu. Niliposikia kwamba mama huyu ana robo eka ya mahindi karibu na Mombo, kwenye joto, na kwamba mabasi ya juu na ya chini yote yanapita mbele ya meza yake, nikadhani nimeiona hekima ya mababu. Aliniangalia. "Robo eka ya Mombo ni ya mume wangu, ya urithi. Nyoka tupu."

Siku ile ya gulio, nikiwa bado nyuma ya meza, alikuja bibi kizee mwenye kikapu. Hakukuwa na salamu ndefu. Mama akampangia tano, nne chini na moja juu, akaongeza ya sita bila kuombwa, akapokea sarafu. Nilimtazama. "Huyu wa nyumbani," akasema. Kwa hiyo kuna fungu la nyumbani na fungu la dirishani. Lakini abiria wale nao si matajiri. Nusu yao wanarudi Tanga na Dar es Salaam kwenye vyumba vya kupanga, na nyanya nne ndizo mboga ya jioni. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza kwa muda, akafuta nyanya moja kwa khanga mpaka ikang'aa.

"Na mimi nikupe ya kwako? Zamani mfuko wa rambo ulikuwa bure, wakaukataza 2019, nikarudi kwenye magazeti. Gazeti moja lilikuwa linafunga mafungu mengi. Siku hizi nalifungua, kurasa zimeisha, na bei nanunulia ileile. Ya kwenu ya tano imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na mhariri wangu asome hapa taratibu.

Jua lilipoanza kuelekea Mombo nilimwuliza lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi. Nne ni tatu chini na moja juu. Mafuta yakipanda tena, atashuka hadi ngapi? Alichukua nyanya tatu akaziweka mezani. Akazisogeza zikagusana. Akazitenganisha, akazigusanisha tena, akarudi nyuma hatua moja akazitazama kama mtu aliye ndani ya gari. Zilikuwa zimelala.

Kutoka kona ya juu honi ikalia mara mbili. Akaokota ya nne, akaiweka kichwani, akanyanyua beseni.