Unataka Kufuga Bunju kwa Keja Yako Huko Diani? Soma Hii Kwanza

Umeiona ile video. Kasamaki kadogo kama punje ya njegere, macho yanazunguka kila moja kivyake, kanamkodolea mwenye nyumba kwa kioo kama kanauliza, "Msosi uko wapi?" Sasa na wewe uko Ukunda, kwa single room yako, unataka kako. Poa sana. Lakini kuna kitu hizo video hazisemi, na kwa mtu wa Kwale ndiyo noma kuliko zote. Tulia, tutafika.

Bunju yupi?

Si kila bunju ni wa tanki. Wa Ziwa Turkana, fahaka, hupita sentimita 40. Mbu, wa Mto Kongo na Ziwa Tanganyika, hukaribia sentimita 70. Huyo utamhamishia kitanda chako alafu wewe ulale nje. Wa keja ni yule kibete kutoka Kerala, India, wanaomwita pea puffer. Hata akikomaa ni kama sentimita 3 hivi, na anaishi maji baridi maisha yake yote.

Na usiende Gazi kuchota bunju wadogo kwa mikoko ukidhani umeokoa doo. Hao ni wa bahari, kwa maji matamu hawatadumu. Kule Kisite nako ni hifadhi, hata konokono mmoja hutoki naye.

Maji kwanza, samaki baadaye

Ukinunua tanki leo na samaki leo, kesho unazika. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, na amonia ni sumu. Inabidi bakteria wazuri wamee kwa filta kwanza, na hiyo inachukua wiki 4 mpaka 6. Maji ya mfereji yaweke kwa ndoo wazi siku nzima, klorini itoke. Ya kisima cha karibu na bahari yaonje: yakiwa na chumvi, achana nayo. Hita hapa Pwani mara nyingi hutahitaji, joto tunalo la kugawa.

Sasa ile noma

Meno ya bunju hayaachi kumea. Asipotafuna kitu kigumu, yanazidi mpaka mdomo haufunguki vizuri, anakufa njaa na chakula kiko mbele yake. Dawa ni konokono: akivunja ganda, anapiga meno msasa. Kwa hivyo kila msee mtandaoni atakuambia, "Nenda kwa bwawa, okota konokono wa bure."

Hapo ndipo unasimama, buda. Kwale ni eneo la kichocho tangu zamani, Msambweni ikiwemo. Rada iko hivi: mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wa maji baridi aina ya Bulinus. Ndani yake vinazaana, kisha vinatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Hauhitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda. Kuweka mguu tu kunatosha.

Sasa fikiria: umeingia kidimbwi kuokota, hapo tayari umejianika. Alafu umewabeba hao konokono mpaka nyumbani, kwa tanki ambalo unaingiza mkono kila wikendi kusafisha. Konokono mwenye vijidudu na msafi wanafanana, macho hayatakusaidia.

Njia safi ni rahisi. Anza na konokono wachache waliozaliwa kwa tanki la mfugaji mwingine, waweke kwa mtungi wao, walishe majani ya mchicha uliochemshwa. Wanazaana haraka kuliko umbea wa ploti. Ongezea na kamba wadogo waliogandishwa.

Na kama ushawahi kuogelea kwa hayo mabwawa ukiwa mdogo, usicheke sana. Mkojo wenye damu si ishara ya kuwa umekua mwanaume, na kwa wasichana si lazima iwe hedhi. Nenda zahanati upimwe. Dawa inaitwa praziquantel, inapimwa kwa uzito wako. Ukipuuza miaka mingi, kichocho kinaharibu kibofu na kinaweza kuleta saratani.

Mambo ya mwisho

Usimtishe ndiyo avimbe upige picha. Akivutwa nje ya maji anameza hewa, na wakati mwingine inakataa kutoka. Ukimhamisha, tumia kikombe.

Usimle, hata wa baharini. Sumu ya bunju inalemaza misuli ya kupumua, kupika hakuiondoi, na dawa ya kuipinga hakuna.

Na ukichoka naye, usimwage Mkurumudzi wala Ramisi. Mpe mfugaji mwingine. Mto si jalala la vitu ulivyochoka navyo.

Ukiweza hayo yote, karibu kwa mbogi ya mabunju. Lakini konokono wa kidimbwini, waache hukohuko.