Mkazi wa Tabata nilivyoadhibiwa na 'Tabata'

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kushuka kwenye baiskeli ya gia 21 na kuanza kuisukuma huku kina dada wanakuangalia, basi mshukuru Mungu. Mimi kazi hiyo nimeifanya miaka mitatu, karibu kila Jumapili, na sehemu yenyewe ni ile ile: kilima cha kutoka Pugu kwenda Kisarawe, chini ya mkorosho mmoja uliopinda.

Kundi letu ni la watu saba, wote wa Tabata. Hatuna klabu, hatuna jezi, hatuna kocha. Baiskeli zetu ni zile za milimani, mitumba, tairi pana zenye meno. Saa 12 asubuhi tunakutana, tunakamata barabara ya Nyerere, tunaupita uwanja wa ndege, tunaipita Gongo la Mboto, na tukishafika Pugu Kajiungeni tunaanza kutafuta njia za vumbi. Tukirudi ni chipsi mayai na soda baridi. Raha mustarehe!

Sasa siku moja nikiwa nasukuma, pumzi zinatoka kama za treni, akanipita mzee mmoja na Phoenix yake isiyo na gia hata moja. Alikuwa anarudi kutoka kuuza mkaa mjini. Kakaa wima kama yuko barazani kwake. "Pole mjukuu wangu," akasema, akapotea kwenye kona. Washkaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka, bwana. Nilikuwa na miaka 31.

KWA NINI NILIKUWA NACHEMSHA

Nikaanza kujiuliza. Miaka mitatu nzima naendesha, mbona sisongi mbele?

Jibu nilipewa na jirani yangu, mwalimu wa michezo wa sekondari. Akaniambia mwili ni bahili, haujengi kitu usichoudai. Ukiupa safari ile ile, kwa mwendo ule ule, mara moja kwa wiki, unazoea halafu unatulia. Na ukikaa wiki mbili bila kugusa pedeli, pumzi uliyoichuma inaanza kupungua. Mimi nilikuwa natembea mwendo wa katikati tu: si wa polepole wa kujenga ustahimilivu, si wa kasi wa kuushtua moyo.

Lakini hakunikandia moja kwa moja. Alisema Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. "Safari yenu ya Jumapili inazidi dakika 150. Kama shida yako ni afya, unafanya vizuri kuliko wengi. Kama shida yako ni kile kilima, hapo ni habari nyingine."

Shida yangu ilikuwa kilima. Na yule mzee wa mkaa.

"Basi fanya Tabata," akasema.

"Mwalimu, mimi si nakaa huku huku?"

Kumbe alikuwa hatanii. Kuna mtaalamu wa Kijapani anaitwa Izumi Tabata. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwenye baiskeli zisizotembea. Unakanyaga sekunde 20 kwa nguvu zako zote, unapumzika sekunde 10, unarudia mara saba au nane. Jumla haifiki hata dakika nne! Mpango wenyewe alikuwa nao kocha wa timu ya Japani ya kuteleza kwenye barafu, Tabata akaupima. Baada ya wiki sita, waliofanya hivyo waliongeza pumzi na pia nguvu ya kufyatuka ghafla. Wenzao walioendesha mwendo wa wastani saa nzima, siku tano kwa wiki, waliongeza pumzi tu.

Nikasema dakika nne? Hiyo si ya kunywea chai tu? Aisee! Raundi ya tano nilimwona marehemu bibi. Raundi ya saba nilitapika uji wote kando ya reli. Mkazi wa Tabata nikapigwa na Tabata, tena mchana kweupe.

KICHWA KIKAVIMBA

Ila sikuacha. Jumanne na Alhamisi najifua kwa kasi, Jumamosi naendesha taratibu saa mbili, Jumapili na washkaji. Wiki ya tano nikaupita mkorosho bila kushuka. Mpenzi msomaji, nililia kidogo. Usimwambie mtu.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini binadamu hatosheki. Nikaongeza Jumatatu, nikaongeza Jumatano na Ijumaa, zote za kasi. Kupumzika nikaona ni uvivu. Nikanunua saa ya kuhesabu mapigo ya moyo. Mwalimu aliniambia ile hesabu ya 220 kutoa umri ni ya kukisia, inaweza kumkosea mtu kwa mapigo 10 au zaidi, lakini mimi niliishika kama msahafu.

Dalili zikaja. Usingizi ukapotea, goti la kulia likawa linalalamika kwenye ngazi, na asubuhi kabla sijatoka kitandani moyo ulikuwa unadunda kuliko zamani. Nyumbani nikawa mkali kama pilipili. Huo ni mwili unaodai likizo. Mazoezi yanauchosha tu. Nguvu unaijenga ukilala na ukila. Mimi nilikuwa nabomoa kila siku, fundi hapati nafasi ya kupandisha tofali.

Ikafika Jumapili ya wiki ya tisa. Kundini alikuja dada mmoja mgeni, ndiyo mara yake ya kwanza. Tulipofika Pugu nikawaambia, "Jamani, natangulia, nataka kupima muda wangu." Nikaondoka kama mshale. Nikafika Kisarawe, nikaangalia saa, rekodi! Nikanunua dafu, nikawasubiri. Dakika 20. Dakika 40. Kimya. Simu yenyewe nilikuwa nimeizima isinipotezee mwendo.

Nikageuza. Nikawakuta wanarudi Pugu kwa miguu, jua la saa sita, wote sita wanasukuma. Yule dada alipata pancha mara tu nilipowaacha, na wengine wakakataa kumwacha peke yake. Pampu, viraka na solusheni vya kundi zima vilikuwa ndani ya begi langu mgongoni.

Hakuna aliyenitukana. Dada yule ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, "Kaka, hongera kwa kushinda. Kwani tulikuwa tunashindana?"

Jumapili mbili zilizofuata hakuna aliyegonga geti langu.

SASA NAFANYAJE?

Nilikwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Nikarudi pia kwa mwalimu, akanipangia upya. Anayetaka kupanda kilima na marafiki zake asiwapoteze, haya ndiyo ninayoyafuata:

Kwanza, siku za kasi ni mbili tu kwa wiki, tena hazifuatani. Anayeanza aanze na moja, na mwenye presha au maumivu ya kifua amwone daktari kabla.

Pili, siku ya polepole iwe polepole kweli. Kipimo hakihitaji saa: ukiweza kuimba taarabu, ni mwendo mwepesi. Ukiweza kuongea ila kuimba hapana, ni wa wastani. Ukiishia neno moja moja, huo ni mkali.

Tatu, kupumzika ni sehemu ya ratiba, si adhabu. Yule mzee wa mkaa nilimsimamisha siku moja, nikamuuliza siri yake. "Siri gani mjukuu? Siku sita nabeba, Ijumaa hata baiskeli siiangalii." Kumbe mzee ana programu kunishinda!

Nne, Jumapili ni ya kundi. Nikitaka kasi, natumia mtindo alioubuni kocha wa Sweden, Gösta Holmér, miaka ya 1930. Kwao unaitwa fartlek, maana yake mchezo wa kasi. Tunaambiana "mpaka kwenye ule mwembe!", tunafyatuka, halafu tunasubiriana huku tunacheka. Ni mazoezi makali, lakini hakuna anayeachwa.

Jumapili iliyopita niliupita mkorosho nikiwa nimeketi, nikasimama kileleni kuwangoja. Wa mwisho kufika alikuwa yule dada. Alishuka akasukuma pale pale nilipokuwa nasukuma mimi, na sikusema kitu. Nilimpa maji.

Haya, karibu kundini. Ila njoo na pampu yako.