Utangulizi: Kiingereza cha Baada ya Salamu

Kijana aliyemaliza kidato cha nne Ukunda na sasa anafanya kazi ufuoni Diani husemwa kuwa anajua Kiingereza, na kweli anakijua. Humwelekeza mgeni njia ya kwenda Kaya Kinondo, hupatana naye bei ya mashua ya kwenda Kisite kuona pomboo, na humweleza bamvua na maji mafu mpaka mgeni akaelewa kwa nini leo miamba iko wazi na juzi haikuonekana. Kisha kijana huyo huyo anapewa mkataba wa kazi wa kurasa nne, au ripoti ya mazingira inayohusu kijiji cha mamake, na kasi yote inakatika. Sarufi haimsumbui, na hakuna herufi inayomshinda kusoma. Kinachomkwamisha ni maneno ambayo ameshawahi kuyaona, mengine hata mara mbili tatu, ila hajawahi kuyazoea.

Karibu, msomaji, katika taaluma inayochunguza mahali hapo hasa. Wataalamu wa msamiati hawaanzi kwa kuuliza Kiingereza kina maneno mangapi, kwa kuwa jibu lake halimsaidii mwanafunzi. Huuliza ni maneno yapi yanayojirudia, hujirudia katika matini za aina gani, na msomaji akutane nayo kwa namna ipi ndipo yamkae kichwani. Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya takriban maneno 2,000 yanayotumika zaidi. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa chuo kikuu kimoja cha Wellington, New Zealand, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni 3.5, akapata familia 570 za maneno ambayo hayamo katika orodha ya West lakini hubeba karibu asilimia 10 ya maandishi hayo. Familia hapa ni neno pamoja na watoto wake. Sisi tunalielewa jambo hili bila kufundishwa, maana kutoka kwa tenda tunapata tendo, kitendo, mtendaji na utendaji, wala hatuhesabu kwamba tumejifunza maneno matano.

Paul Nation, wa chuo kikuu hicho hicho cha Wellington, alipiga hesabu mwaka 2006 akaona kwamba anayetaka kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kushikwa mkono anahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000. Kigezo chake kilikuwa kujua maneno 98 katika kila 100. Pengine utaona 95 yanatosha. Chukua ukurasa wa maneno 300 upime mwenyewe: anayejua 98 kwa mia atakwama mara 6, na hapo muktadha humsaidia, anayejua 95 atakwama mara 15, na muktadha wenyewe utakuwa umejaa mashimo. Norbert Schmitt na Diane Schmitt walipendekeza mwaka 2014 kwamba maneno kati ya elfu ya tatu na elfu ya tisa yatazamwe kuwa tabaka la katikati. Wanafunzi wa kiwango cha juu ya wastani, ambacho mfumo wa Ulaya wa kupima lugha wa mwaka 2001 hukiita B2, wamo ndani ya tabaka hilo. Ugumu wake ni kwamba maneno ya chini yake huja yenyewe kila siku, nayo haya ya katikati huja mara chache mno. Mwenye kuyangoja atangoja sana.

Kwa hiyo watu huyatafuta, na hapa sina budi kutoa maoni yangu wazi. Shuleni kwetu kumekuwa na desturi ya kuwakaririsha watoto misemo iliyopambwa kwa ajili ya insha: jua lililochomoza kwa madaha, moyo uliodunda kama ngoma. Mtoto huihifadhi, akaimwaga katika aya ya kwanza, akapata alama, na siku akiandikiwa barua na mwajiri haoni hata mmoja wa misemo ile. Kuna na wale wanaoianza kamusi kwenye herufi A. Nawaheshimu kwa juhudi, lakini kamusi imepangwa ili itafutwe, haikupangwa ili isomwe, na maneno yanayofuatana ndani yake hayana udugu wowote ila wa herufi.

Njia ninayoitetea katika sura zijazo ni kuchagua eneo moja la maisha na kulisoma kwa kina. Stephen Krashen alilitetea wazo hili mwaka 1981. Ukisoma makala kumi za mambo kumi, kila moja inakuletea maneno mapya na kuyachukua tena. Ukisoma makala kumi za jambo moja, maneno yale yale yanarudi, na unayaona kila mara yakiwa na majirani wapya. Kaunti yetu ya Kwale ina utajiri mkubwa wa maeneo ya namna hiyo. Huko Gazi, kwa mfano, tangu mwaka 2013 kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na mapato yanakwenda kwenye maji na shule. Mwaka 2017 mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Umeandikwa kwa Kiingereza mara nyingi sana, na watafiti, waandishi wa habari na wafadhili. Mwanafunzi wa Msambweni anayesoma maandishi hayo ana jambo ambalo msomaji wa London hana: mikoko anaijua kwa majina yake na kwa harufu yake, kwa hiyo kitu kigeni kwenye ukurasa ni Kiingereza peke yake. Hilo hupunguza mzigo sana.

Eneo la pili, la madini, ni zito zaidi. Mgodi wa Base Titanium ulifanya kazi Maumba na Nguluku kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, na kabla yake familia zilihamishwa. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Fungua maandishi ya Kiingereza kuhusu mambo haya utazame vitenzi na nomino zinazorudi: "compensate", "allocate", "reside", "revenue". Yote manne yamo katika zile familia 570 za Coxhead, ambazo alizitoa kwenye maandishi ya vyuo vikuu mbali kabisa na hapa. Anayeyajua kwa juujuu atapata habari kwamba kuna fedha. Anayeyajua vizuri ataweza kusimama barazani akauliza zimegawiwa na nani, kwa kipimo gani, na nani anahesabiwa kuwa mkazi. Ndiyo maana siwezi kuuita msamiati pambo.

Kulijua neno vizuri ni mjadala mrefu, na jambo hilo limetengewa sura mbili. Hapa nitagusa ujirani wa maneno tu. Mwanaisimu J. R. Firth alisisitiza mwaka 1957 kwamba neno hutambulikana kwa maneno linalotembea nayo, na John Sinclair na wenzake wa Birmingham wakalitumia wazo hilo kutunga kamusi ya COBUILD ya 1987, iliyotokana na mkusanyiko mkubwa wa matini halisi ndani ya kompyuta. Mswahili anayepiga pasi, kupiga mbizi, kupiga simu na kupiga hodi hahitaji kushawishiwa. Hakuna aliyemfundisha kanuni. Aliyazoea yakiwa mawili mawili. Kwa Kiingereza mvua yetu kubwa ni nzito, "heavy", na uamuzi hutengenezwa, "make". Anayehifadhi neno moja moja ataunganisha kwa mantiki ya Kiswahili, ataeleweka, na bado ataonekana mgeni kwenye usaili wa kazi. Basi tangu leo andika neno pamoja na jirani yake.

Kuhusu kusahau, Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tulichohifadhi huporomoka haraka mwanzoni na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi hushinda marudio ya mfululizo. Sebastian Leitner aliligeuza jambo hilo mwaka 1972 kuwa kisanduku cha kadi chenye vyumba: kadi uliyoijua inasogea kwenye chumba kinachofunguliwa kwa nadra, uliyoisahau inarudi mwanzo. Mtoto aliyepitia chuo cha Kurani hapa pwani amelelewa na kanuni hii, maana hapewi somo jipya mpaka adurusu la jana, na masomo ya zamani humrudia kwa zamu. Amekwisha kuwa na nidhamu. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba inafaa na huku.

Wanafunzi wetu wengi huja kwenye Kiingereza wakiwa na Kidigo au Kiduruma cha nyumbani, na Kiswahili cha soko na shule. Wamezoea kuhama lugha katika mazungumzo mamoja. Utafiti mwingi niliousimulia hapa ulifanywa mbali na hapa, na kazi ya kuujaribu kwa watu kama hawa ni yetu. Vifaa vipo. Kidigo kina kamusi iitwayo Mgombato, ya mwaka 2004, inayokiunganisha na Kiingereza na Kiswahili. Programu ya AntConc, aliyoiunda Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, hupatikana bila malipo na huonyesha kila mahali neno lilipotumika na majirani zake. Mwalimu wa Msambweni akizichapa insha za mwaka mmoja za kidato cha tatu, kwa ridhaa ya wenyewe na bila majina yao, ataona kwa mchana mmoja maneno gani darasa lake linayategemea, yapi linayakwepa, na yapi linayaunganisha kwa njia ya Kiswahili. Ningependa aanze na vitenzi, kwa kuwa ndivyo vinavyovuta majirani wengi zaidi, na ndivyo vilivyopewa sura ya kwanza.