Tarakimu Sita za WhatsApp



Karafuu zina soko lake. Lakini mdalasini, pilipili manga na asali wengi wetu sasa twauza kwa WhatsApp, na ni kheri: picha iliyopigwa juani, bei na uzani, humtosha mnunuzi aliye Unguja.

Twawatahadharisha. Mtu akikupigia, hata akikuita mjomba, akataka tarakimu 6 zilizoletwa katika simu yako, usimpe. Akizipata ataifungua WhatsApp yako kwenye simu yake, wewe utolewe, naye awatake wateja wako fedha kwa jina lako. Katika mipangilio ya akaunti, weka uthibitishaji wa hatua mbili. Asiyeweza na amwambie mwanawe.

Ujumbe wa malipo nao hughushiwa. Tazameni salio kwanza, ndipo mpeleke mzigo bandarini.