Mafuta Ghafi Huvundikwa Kama Ndizi

Umewahi kuvundika ndizi? Kama umelelewa Kisii au Nyamira, jibu lako nalijua. Mkungu unakatwa ungali kijani, unafunikwa kwa majani mahali penye joto, kisha mnangoja. Ukifunua mapema, bado ni ngumu. Ukisahau, zimeharibika.

Sasa shika hilo, maana mafuta ghafi nayo huiva hivyo hivyo.

Safari huanzia ziwani au baharini. Mwani na viumbe vidogo hufa, huzama na kuzikwa kwenye tope lisilo na hewa. Tope likilaliwa na tope jingine, mwishowe huwa jiwe. Huo ndio mwamba mama wa mafuta.

Kadiri unavyozikwa chini, ndivyo joto linavyopanda, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kila kilomita. Hebu piga hesabu: juu kukiwa na nyuzi 25 na joto likipanda kwa 30, kilomita 3 chini ni nyuzi 115. Hapo ni sawa kabisa, kwani mafuta mengi huiva kati ya nyuzi 60 na 150 hivi. Kupita hapo, unabaki na gesi. Na si kazi ya siku tatu. Ni mamilioni ya miaka.

Ndiyo maana wanajiolojia huuliza: mwamba ulizikwa lini, kina gani, na uliinuliwa lini? Ukiinuliwa mapema, upishi unakoma. Mama wa soko la Daraja Mbili huangalia ganda la ndizi. Wao huangalia kwa hadubini vipande vya mimea ya kale vilivyomo mwambani. Vilivyopikwa zaidi huakisi mwanga zaidi.

Turkana mambo yalikubali. Bonde la Lokichar lilididimia, ziwa la kale likaacha tope, nalo likazikwa likaiva. Machi 2012, Kenya ikatangaza kwamba kisima cha Ngamia-1 kimepata mafuta. Yana nta nyingi, hivyo yakipoa huganda.

Na Kisii na Nyamira, je? Miamba mingi ya huko ni ya kale mno, ya kabla mmea wa kwanza kuota nchi kavu, na sehemu kubwa ilitokana na volkano. Hata mawe ya Tabaka yanayochongwa vinyago ni miamba ya volkano iliyobadilishwa ardhini. Ni mali, lakini ya aina nyingine. Utavundika nini na mkungu haupo?

Kwa hivyo mtu akikwambia kuna mafuta chini ya shamba la babu yako, ati mtoe pesa kidogo za usajili, muulize maswali matatu tu. Mwamba mama uko wapi? Ulizikwa kina gani? Je, umeiva?

Akianza kubabaika, rudisha pesa mfukoni. Ukiyapenda maswali hayo, basi jiolojia inakuita.